Nawashukuru Mlionifukuza Ukocha

Wamama, wapapa, na vijana wetu pale nyuma, nawasalimu katika jina la Bwana. Mama Mchungaji amenipa dakika kumi. Nitajaribu, ingawa mke wangu namwona ameshaanza kucheka.

Leo sikuja kushuhudia kwamba nimepata kazi mpya, wala kwamba karatasi zangu zimetoka. Hizo bado naziombea. Nimekuja kuwashukuru watu walionifukuza, na wengine wao wamekaa humu ndani. Sitataja jina la mtu. Lakini mkiona mtu anatazama viatu vyake, basi mjue mwenyewe amejitaja.

Mnajua timu yetu ilivyoanza. Ule mwaka wa 2015, wageni walipokuwa wanashambuliwa hapa Johannesburg, watu wa kwetu wakiogopa kutembea peke yao, tulikuwa tunasubiriana jioni pale kwenye robot, zile taa za barabarani. Taa ikibadilika tunavuka pamoja, wanne, watano, tunapanda hadi nyumbani Berea. Mkongo hakumjua Mrundi, Mtanzania hakumjua Mkenya, lakini Kiswahili tulikuwa nacho wote, kila mtu na cha kwao. Hofu ilipopungua hatukutaka kuachana. Mtu akaleta mpira. Tukapata uwanja kule Observatory, ule unaoinama upande mmoja, na mimi nikawa kocha.

Kwa nini mimi? Ndugu zangu, nawaambia ukweli ambao sikuwahi kuusema. Kule kwetu Kongo, Uvira, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha mazoezi ya viungo. Kuruka, kukimbia, kunyoosha mgongo. Mpira niliucheza kama mtu yeyote. Lakini Wakongo tulikuwa wengi, na kati ya Wakongo mimi ndiye nilikuwa na mvi. Basi, hiyo ndiyo diploma yangu.

Na niliupenda ule ukocha, jamani. Kazi yangu ninyi mnaijua, nafungua geti kwenye ofisi moja kule Randburg. Miaka saba watu wanapita na magari yao, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza jina. Naitwa "security". Lakini Jumamosi mchana nikishuka Observatory, wanaume ishirini wanageuka, wanasema, "Kocha amefika." Mtu aliyezoea kuitwa jina lake hawezi kujua utamu wa kitu hicho.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipoanza kuanguka. Siku ya kwanza kabisa tulikaribia kupigana kuhusu nani acheze. Kila mtu anataka ndugu yake aingie. Mimi nikatoa wazo: tugawane kwa nchi. Wakongo watano, Warundi watatu, Watanzania wawili, Mkenya mmoja. Jumla kumi na moja. Mtu akikosekana, anaingia wa nchi yake. Wakapiga makofi, wakasema huyu ana akili. Na kweli tulikaa kwa amani miaka miwili, kwa sababu yule Mkenya mmoja alikuwa kipa, na alikuwa kipa hasa.

Mwaka 2017 akapata kazi Durban, akaondoka.

Eish. Mkenya mwingine tuliyekuwa naye ni mmoja tu, fundi cherehani hapa hapa Berea, mtu mpole, ambaye kabla ya hapo alikuwa anakuja kukaa pembeni na kutushangilia. Nikamwambia, "Kaka, lango ni la Kenya." Akaniambia, "Kocha, mimi sijui kudaka." Nikamwambia atajifunza. Na wakati huo huo, kwenye benchi alikuwa amekaa Mrundi mmoja mrefu, aliyedaka tangu akiwa shuleni kwao, anauza chaja za simu mjini. Lakini nafasi tatu za Warundi zilikuwa zimejaa. Alikuwa anakuja kila wiki amevaa glavu zake, anakaa nazo mpaka mwisho, anazivua.

Msicheke. Haya, chekeni.

Tukaanza kufungwa. Nne bila. Tatu moja. Tano bila. Kulikuwa na timu hata beki wao anapiga mpira kutoka mbali, kwa kujaribu tu, na unaingia. Na ile ligi yetu ya wikendi ina sheria yake: timu ya mwisho inatoka, na siku yake ya uwanja inapewa wengine. Kwetu sisi uwanja ule ndio ulikuwa mahali pekee pa kukutana. Ukitoka uwanja, timu inakufa, na kila mtu anarudi kukaa na watu wa kwao nyuma ya mlango wake. Hilo wote tulilijua.

Yule Mrundi alinifuata siku moja baada ya mazoezi. Akasema taratibu, "Papa, naomba nijaribu kipindi kimoja tu." Nikamjibu, "Unataka kuniletea vita hapa?" Nikasema kwa sauti, ili wengine wasikie. Nilijifanya nalinda amani. Lakini nikiwa peke yangu nilijua ninachoogopa. Tukianza kuchagua mtu kwa anachokiweza, siku moja mtu atauliza: na kocha, yeye anaweza nini?

Basi mtu mwenye hofu ya namna hiyo anapiga kelele. Nilianza kuwatukana wachezaji. Watu wazima, wenye wake na watoto, nawaita wajinga mbele ya watoto wao. Binti yangu, ambaye kama mnavyojua Kiswahili anakisikia tu lakini hajibu, aliniambia kwa Kiingereza chake cha shule kwamba haji tena uwanjani, kwa sababu pale mimi si baba yake. Nilimkasirikia. Mama yake akaniambia, "Usimkasirikie mtoto, kasirikia saba." Maana Jumamosi hiyo tulikuwa tumefungwa saba.

Wiki ile ikaingia meseji kwenye grupu: kikao Jumapili baada ya ibada, ajenda ni kocha. Maneno hayo tu.

Na hapa nataka kutubu, kwa sababu sehemu hii ndiyo inayoniuma mpaka leo. Sikukesha nikiwaza timu itaponaje. Niliwaza hesabu yangu ya kura. Nikazunguka nyumba za Wakongo pale Berea, moja baada ya nyingine, nakunywa chai zao, nawauliza, "Mnataka Mrundi aje atuamrishe?" Hivyo. Mimi, mtu aliyekuwa anasema analinda amani. Watu niliovuka nao ile barabara tukiogopa pamoja, nikaenda kuwasema kwa nchi zao. Nilipomaliza mzunguko wangu nilirudi nyumbani nimetulia. Kwa hesabu yangu, nilikuwa nimeshinda.

Kikao kilifanyika kwenye saluni ya mama mmoja, ambaye ndiye anafua jezi zetu na ndiye mwenyekiti wetu. Tulikaa mpaka kwenye vile viti vya kukaushia nywele. Yule mama akasema kila mwenye neno aseme, kisha tutanyoosha mikono. Nikategemea yule Mrundi ataanza. Aliyesimama ni fundi cherehani.

Akasema, "Kocha, mimi sijui kudaka. Nimekwambia mara tatu, hii ya leo ya nne." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akanyoosha mkono wake wa kulia, akatuonyesha kidole. Kilikuwa kimepinda.

"Hiki kilitoka mahali pake kwenye ile mechi ya tano bila," akasema. "Wiki mbili sikushona. Mke wangu ndiye alikuwa ananifunga vifungo vya shati. Sikukwambia, kwa sababu ulisema mimi nawakilisha Kenya. Kocha, mimi sikuja Johannesburg kuwakilisha Kenya. Nilikuja kushona. Kila Ijumaa natazama vidole vyangu naomba Mungu Jumamosi ipite."

Ndugu zangu, nimewahi kuhubiriwa mara nyingi humu, mnisamehe, lakini hakuna mahubiri yaliyowahi kunifikia kama kidole kile. Mtu mzima, fundi, anaishi kwa mikono yake, na mimi nimemsimamisha mbele ya mipira msimu mzima ili mimi niendelee kuitwa Kocha. Nililia. Mbele ya watu wote pale, nikiwa nimekaa chini ya mashine ya nywele.

Nikasimama, nikaungama ule mzunguko wangu wa nyumbani kwa Wakongo. Nikawageukia Warundi nikaomba msamaha. Yule mrefu akasema, "Tulishajua, Papa. Kuta za Berea ni nyembamba." Nikasema basi, najiuzulu.

Mama mwenyekiti akaniambia, "Kaa chini, Papa. Hatukubali."

Nikadhani wananihurumia. Akaendelea, "Ukijiuzulu utatoka na huo mlango, utaenda zako na hasira, na kesho ukikutana na sisi utavuka upande wa pili wa barabara. Sisi tunakufukuza. Mtu aliyefukuzwa na watu wake, ni watu wake wanaosema aende wapi. Wanaokubali kocha atoke, mikono juu."

Mkono wa kwanza ulikuwa wa shemeji yangu, Mkongo mwenzangu, ambaye chai yake nilikunywa vikombe viwili siku ya Alhamisi. Yeye ndiye anayetazama viatu sasa hivi. Shemeji, inua kichwa, nimeshakusamehe, na chai ilikuwa nzuri. Mikono mingine ikafuata, yote. Hata wangu.

Kisha wakamchagua fundi cherehani awe kocha. Ndiyo, huyo huyo. Yule mama alisema mtu huyu amesimama golini msimu mzima, hakuna aliyepata nafasi nzuri kama yake ya kuona tunavyofungwa.

Sitawadanganya kwamba nilitoka pale na furaha. Jumamosi tatu nilikaa ndani, nimefunga pazia, nasikiliza matokeo kwa mke wangu. Waliposhinda mechi ya kwanza, Mrundi yuko golini, niliumia kuliko tulipofungwa saba. Niseme kama ilivyokuwa. Niliumia.

Jumamosi ya nne, mchana, mlango ukagongwa. Ni fundi. Nikamwambia mke wangu aseme nimelala. Fundi akasema kwa sauti upande wa pili wa mlango, "Mwambie akiamka, watu wawili wameumia paja kwa sababu hatujui kupasha miili moto. Mimi najua kushona tu. Mwalimu wa viungo ni yeye." Akakaa kwenye ngazi. Nusu saa nzima alikaa, na mechi inamngoja. Mke wangu akaufungua mlango wazi, nikavaa viatu.

Siku ile niliwanyoosha migongo wanaume ambao nilikuwa nimewatukana. Hakuna aliyenikumbusha. Mmoja tu alisema, "Mwalimu, polepole, mimi si wa shule ya msingi." Wakacheka, na mimi nikacheka, na tangu siku hiyo jina langu ni Mwalimu. Ndilo jina nililotoka nalo kwetu, na nilikuwa nimelisahau.

Hatukuwa mabingwa. Tulibaki kwenye ligi kwa sare ya mechi ya mwisho, na uwanja ukabaki wetu. Msimu uliofuata tukawa wa sita. Binti yangu alirudi uwanjani, sasa yeye ndiye anayepiga kelele, kwa Kizulu, mimi sielewi nusu.

Basi nashukuru. Namshukuru Mungu kwanza. Nakushukuru mke wangu, uliyefungua ule mlango wakati mimi nimesema nimelala. Namshukuru yule mama wa saluni, aliyejua tofauti ya kumtoa mtu kwenye kiti na kumtupa nje. Nawashukuru Warundi wetu, walioujua ubaya wangu na wakakaa na mimi. Na somo langu ni dogo. Mtu akishindwa kazi, mwambieni, na mtoeni. Msimwache aharibike hapo kwa kumwonea haya. Lakini mkishamtoa, aende mmoja wenu akakae kwenye ngazi zake.

Nasema haya leo kwa sababu mnajua kuna kikao tena mchana huu, baada ya ibada. Tumefungwa mechi sita. Kocha wetu amechoka. Cherehani zake sasa ni tatu na mazoezini anakuja anasinzia. Watu wameniomba nimtetee, kwa kuwa ndiye aliyeniokoa.

Jana nilikwenda dukani kwake. Nikamwambia mwenyewe, ili asisikie kupitia kuta: "Kaka, kesho nitanyoosha mkono utoke." Alishona mpaka mwisho wa mstari wake, akakata uzi, akaniuliza, "Na utakuja kunichukua?"

Nikamwambia, "Jumamosi. Saa saba mchana."