Malkia Hangojwi Mlangoni

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya. Nana Pokuaa, Malkia wetu wa Viazi Vikuu. Daktari Dzifa na wauguzi wako. Machifu, wachungaji na maimamu. Ndugu madereva na wapakuzi. Nanyi kina mama wenzangu wa soko la Techiman, ambao najua mmefunga vibanda shingo upande: nawasalimu wote!

Nina furaha kubwa leo. Chumba cha kupimia matiti ndani ya soko letu, jirani na viazi! Nani angeamini?

Mwaka juzi Daktari Dzifa alikuja na meza na pazia. Akatueleza vizuri kwamba uvimbe wa titi ukiwahiwa unatibika, ukifichwa unaua. Tukapiga makofi. Kisha hakuna aliyeinuka. Mila yetu mnaijua: lori halipakuliwi mpaka Malkia aguse kiazi cha kwanza. Basi tukasema, "Nana kwanza." Na Nana, anayesimamisha lori kwa jicho tu, akatazama pembeni. "Leo nina shughuli."

Wiki nzima ikawa shughuli. Mimi ni naibu wake, nakaa naye mkeka mmoja. Nilimwona akijipapasa chini ya kwapa kila alipodhani hatumwoni. Niliogopa, jamani. Mwezi uleule tulikuwa tumemzika Yaa Dufie, mwenzetu wa sokoni, aliyetuambia uvimbe wake ni jipu tu, litapasuka lenyewe. Je, ningengoja kumzika na Nana kwa sababu ya adabu?

Nikaingia mimi. Weee, kelele zake! "Afia Brago kamtangulia Malkia!" Wazee wa soko wakanitoza kondoo palepale. Nikatoka nikiwa nimepimwa, mzima, nikapaza sauti: "Mbona hakuna kitu? Kumbe wengine waoga tu!"

Nana akasimama.

"Unamwambia nani mwoga, Afia?"

"Sijataja mtu, Nana."

"Nishikie kitambaa changu."

Akaingia.

Uvimbe ulikuwepo. Ulikuwa bado mdogo. Akapasuliwa kule Kumasi, akatundikiwa dawa, nywele zikapukutika, zikaota tena. Huyo hapo leo, na dhahabu zake shingoni, ananikodolea macho! Siku aliyorudi alinishika mkono akasema, "Ziwa moja limekwenda, Afia, lakini mdomo nimerudi nao mzima. Kondoo yuko wapi?" Nilimleta. Tukamla pamoja, na mapaja yote akachukua yeye.

Nanyi kina baba mnaocheka huko nyuma, mkeo akikuambia ameona uvimbe, usimwambie asubiri mavuno. Mlete siku hiyohiyo.

Nana amenituma, na neno lake ni amri: "Kwenye viazi mtaningoja, tena mtaningoja sana. Kwenye mlango ule, asiningoje mtu."

Nawashukuru kwa masikio yenu. Sasa naomba miguu yenu, kina mama. Daktari ameshanawa mikono.