Raba za Magesa na Mwendo wa Januari Ngusa

"Mwili huu umevuta mawe shimoni miaka kumi na tisa, leo mtoto mwenye koti jeupe ananiambia nikafanye mazoezi." Hivyo ndivyo marehemu kaka yetu Januari Ngusa alivyotoka kliniki mwaka 2022, akigombana na daktari aliyebaki ndani.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1962, Ushirombo, kwa mzee Ansgar Ngusa na mama Mariana. Alisoma shule ya msingi hapohapo, 1971 hadi 1977. Hesabu alizipenda. Mchakamchaka alijificha nyuma ya choo mpaka wenzake wamalize kuimba.

Mwaka 1986 alikwenda machimboni Segese, akawa mvuta kamba wa kupandisha mawe kutoka shimoni hadi 2005. Kisha akafungua duka la nafaka Nyahanga, na hapo kiti kikamshika. Tumbo likakua, presha ikapanda, yeye bado anajiita mchimbaji.

Alifunga ndoa na Dorika mwaka 1991, wakapata Violeth na Frank. Violeth alipopata mchumba, marehemu aliapa kumpeleka kanisani kwa miguu, baba na binti. Ndipo yule daktari wa koti jeupe akasema kwa presha ile harusi ataisikia akiwa kitandani.

Basi kesho yake aliazima raba za jirani yetu Magesa, kiongozi wa kikundi cha joging, akakimbia mbele ya vijana wote akiongoza nyimbo za mchakamchaka, zilezile alizozikimbia shuleni. Alifika sheli. Alirudi kwa bajaji, raba zimeachama, na wiki nzima alishushwa kitandani kama gunia la mpunga.

Nesi Zuhra alikuja kumpima. "Mzee, wewe unakimbia na mwili wa Segese, na huo ulishauacha kule. Anza kwa kutembea. Ukiweza kuongea, mwendo unafaa. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Kifua kikibana, simama, uje hospitali."

"Nitaongea na nani alfajiri?"

"Na mkeo."

Hapo akapatikana. Kila asubuhi walitembea wakigombana, na mtaa mzima tulijua hali ya moyo wake kwa kusikiliza tu. Akinyamaza, Dorika anamshika mkono: "Baba Violeth, hujanijibu. Punguza mwendo." Umbali waliuongeza kidogokidogo. Siku za kupumzika walipumzika, nasi tukalala. Presha ikashuka, mkanda ukarudi matundu ya ndani. Alitaka na dawa aziache, tukamkatalia.

Jumamosi tarehe 17 Agosti 2024 alimfikisha Violeth mlangoni pa kanisa kwa miguu, akilalamika njia nzima kwamba shela linamchelewesha. Hakukosa pumzi hata kwa neno moja.

Septemba 2025 homa ya mapafu ilimlaza. Alifariki tarehe 3 Oktoba, mkewe akiwa pembeni. Alipoacha kujibu, Dorika alimshika mkono, akamwambia apunguze mwendo.

Ameacha mjane, watoto wawili, mjukuu mmoja, nami dada yake Anisia.

Na wewe Magesa, toka nyuma ya turubai, tunajua unadai raba zako. Kabla hajalazwa alinunua raba mpya, saizi yako, ziko kwenye boksi hili. Alituachia na maneno: "Mpeni Magesa. Mwambieni aanze polepole."

Njoo uzichukue mbele ya watu. Kaka yetu hadaiwi tena. Apumzike, na iwe kwa amani.