Kocha Odile Aliyetujenga Bila Vyuma

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na saba, Bi. Odile Lacasse anastaafu utumishi katika kikosi cha zimamoto cha Carrow Falls, Ontario. Alianza kwa kuzima moto kama sisi wengine, akavunjika bega kazini, akahamishiwa ukumbi wa mazoezi. Wengi walidhani ameenda kupumzika. Makuruta wake hawakudhani hivyo.

Mwaka wake wa kumi na moja theluji iliyeyuka kwa pupa, mto ukafurika, na vyuma vyetu vyote vya mazoezi vikazama kwenye tope. Zilibaki wiki tisa kabla ya mtihani wa kumkokota mtu wa bandia, kilo themanini, hadi ghorofa ya nne. Mkuu wa kikosi, Bw. Thibault, akataka kuvunja darasa, makuruta kumi na wanne warudi makwao. Kocha alimfuata ofisini.

"Mkuu, misuli haina macho. Haijui kama imebeba chuma au imembeba mwenyewe. Niachie hawa."

Akazichukua kanuni za vyuma, akazihamishia mwilini. Marudio matano tu, lakini magumu, kisha mapumziko ya dakika tatu. Kushuka kwa kuhesabu hadi tano, kutulia chini, ndipo kupanda. Pushapu zikiwa rahisi, miguu inawekwa juu ya benchi. Zikizoeleka tena, mkono mmoja unabebeshwa zaidi ya mwenzake.

Kuruta mmoja, mnyanyuaji wa kilo mia moja na arobaini, akacheka. "Kocha, si michezo ya chekechea hii?" Akaambiwa achuchumae kwa mguu mmoja, polepole, mara tano. Mara ya pili tu alikaa chini, puu, mbele ya darasa zima.

"Inuka, mwanangu," Kocha akamwambia. "Chekechea haijafunga."

Kuruta huyo ndiye mimi ninayeandika haya.

Tulifaulu wote kumi na wanne. Bw. Thibault aliitazama mara mbili saa aliyotupimia muda, kisha akamvulia Kocha kofia.

Miaka minne baadaye, sakafu ya kiwanda cha mbao ilitoboka chini ya miguu yangu. Nilibaki nikining'inia kwenye boriti, mtungi wa hewa mgongoni, moto chini. Nikajivuta: kidevu kikapita boriti, kisha viwiko, kisha kifua. Nilipotoka nje nilimkuta Kocha amesimama kwenye theluji. Alinishika mashavu.

"Ulihesabu?"

"Nilisahau, Kocha."

"Basi kesho tunaanza upya," akasema, huku akilia na kucheka.

Leo vikosi sita vya jirani vinafundisha kwa mtindo wake.

Bi. Odile, kikosi kizima kinakushukuru. Nenda na mumeo Raymond mkavue samaki, mlale mpaka jua liwaamshe, na afya isiwapungukie. Mke wangu anakusalimu, pamoja na binti zetu wawili, waliozaliwa baada ya moto ule.

Kapteni Wendell Kangas