Pengo Alilolikataza Mwalimu Zihindula

Ndugu Wakristo, jamaa na majirani wa Majengo, mimi ni Anastase, mdogo wake marehemu. Familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake. Mimi nauza chumvi na sabuni, kuandika si kazi yangu, na kwa jinsi yaya, kaka yangu huyu, alivyokuwa, kuna sehemu nitawasomea bila mimi mwenyewe kuzielewa. Mnivumilie.

Mwalimu Dieudonné Zihindula alizaliwa Kabare tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa marehemu Papa Akonkwa, mfugaji. Alisoma shule ya msingi kijijini, kisha sekondari Bukavu, sehemu ya hesabu na fizikia, akapata diploma ya Serikali mwaka 1977. Mama yetu alikuwa akisimulia kwamba siku moja alitumwa kuchunga, akarudi na swali: kati ya ng'ombe wa babu na wa kwetu, ni yupi aliyekuwa bora, ikiwa babu alikuwa na malisho mazuri kuliko sisi? Alichapwa, kwa sababu ng'ombe mmoja alikuwa amemsahau kwenye shamba la watu.

Mwaka 1981 alifika Goma kufundisha hesabu. Wengi mlio hapa mlipita mikononi mwake, na wengine mlifeli mikononi mwake, na bado mmekuja. Asanteni. Tarehe 8 Agosti 1987 alifunga ndoa na Mama Domitille, hapa parokiani, na Mungu akawajalia watoto watatu, Ange, Clarisse na Benny. Moto wa volkano wa Januari 2002 ulikula nyumba yao. Wakajenga nyingine juu ya mawe yale yale.

Mwaka 2006 shirika moja la misaada lilimchukua awe mtu wa takwimu. Hapo ndipo mambo yalipoanza kutupita. Daktari mmoja Mjapani, waliyekaa naye bulo moja, yaani ofisi moja, alimwonyesha kwenye kompyuta mchezo uitwao besiboli. Nitaueleza kama alivyonieleza. Mtu anashika rungu. Mwingine anamrushia kijipira. Akikipiga anakimbia mbio, anazunguka, anarudi pale pale alipotoka, na hapo ndipo anapewa alama. Nilimuuliza yaya: sasa amefika wapi?

Yeye mwenyewe hakuwahi kuona kiwanja cha mchezo huo kwa macho. Kilichomvuta ni kwamba wenyewe wanaandika kila kitu tangu enzi za babu zao, na watu wa hesabu wamepata njia ya kumweka mchezaji aliyekufa zamani na wa leo kwenye mzani mmoja. "Hapana kuhesabu mipigo tu," aliniambia. "Unaangalia kiwanja yake, unaangalia na mwaka yake. Domitille akivuna maharagi gunia tatu mwaka ya jua kali, jirani akavuna gunia ine mwaka ya mvua, mulimaji muzuri ni nani?" Nilisema ni jirani. Alinitazama kwa huruma.

Basi kila jioni akawa anabishana kwa simu na watu wa Amerika juu ya wachezaji waliokufa kabla baba yetu hajazaliwa. Shemeji alidhani ni kamari. Majirani walidhani ni dini mpya. Padri alikuja kuuliza, akaelezwa, akatoka amechoka, akasema si dhambi.

Lakini jambo moja katika hesabu hizo limeniweka pabaya. Kila mchezaji wanampima kwa kumlinganisha na mtu wa kuziba nafasi yake, mchezaji wa kawaida tu unayeweza kumpata kesho. Tofauti iliyo kati yao ndiyo thamani yake. Tangu yaya ajifunze hilo, hakuvumilia tena maneno tunayoyasoma kwenye kila mazishi, kwamba marehemu ameacha pengo lisilozibika. Muzee Havugimana wa kwaya alipofariki, yaya ndiye aliyeandika wasifu, na maneno hayo hakuyaandika. Familia ilikuja juu. Akawaambia: "Pengo inazibikaka. Siku ya Mungu, ku misa, mutaweka mwengine aimbe besi. Musikilize atapunguka kwa Muzee namna gani. Ile njo thamani ya Muzee." Hawakumsalimia mpaka Noeli.

Februari 2024 figo zilianza kumsumbua. Alitibiwa hapa Goma, akapelekwa Bukavu, akarudishwa nyumbani. Siku moja aliniita. "Anastase, siku yangu usiandike pengo. Andika kipimo." Nikakubali. Mgonjwa unamkataliaje? Alifariki Jumanne tarehe 20 Agosti, asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Juzi nilimsomea Mama Domitille karatasi hii. Akauliza pengo liko wapi. Nikamwambia agizo la marehemu. "Shemeji," akasema, "usiposema pengo, batu batasema sikumulilia bwana yangu." Nikaliandika. Kisha nikakumbuka ahadi yangu, nikalifuta. Nikaliandika tena, nikalifuta, mpaka karatasi ikatoboka.

Jana nikamrudia. Nikamwomba anipe basi hicho kipimo, ili nimtii marehemu. Alikuwa ameketi uani katikati ya watu, kitenge mabegani.

"Unaona," akasema. "Clarisse anapika. Ange anapokea bageni. Benny anachota mayi, anafunga mulango. Bote bamekuya kuziba, na banafanya muzuri kumupita. Yeye mulango alikuwa anasahabu kufunga kila siku." Akakaza kitenge. "Na bado niko namungoya arudi anieleze ile mambo yake yenye sikuelewaka."

Kwa hesabu yake mwenyewe, basi, yaya ameshindwa na watoto wake. Nimejaribu kuona nimekosea wapi, sijaona. Yeye angenionyesha.

Mwalimu Zihindula ameacha mjane, Mama Domitille, watoto, Ange, Clarisse na Benny, wajukuu watano, mimi mdogo wake, na pengo. Unisamehe, yaya, nimeliandika. Wewe jana hukuwepo uani. Mungu akupokee, upumzike kwake kwa amani.