Kikombe cha Maziwa cha Nesi Salvina

Tarehe 30 Juni 1987 Nesi Salvina Kamili anastaafu, baada ya kuitumikia zahanati yetu ya Mwabasumba, nje kidogo ya Ushirombo, kwa miaka ishirini na mitano. Mimi Clemens, mtunza dawa, nimefanya naye kazi kwa miaka kumi na saba kati ya hiyo, na sijawahi kumshinda kwa maneno hata siku moja.

Alifika mwaka 1962 juu ya lori la pamba, akiwa na sanduku la mbao na cheti cha uuguzi. Alipewa baiskeli ya kuzungukia vijiji. Kuipanda hajajifunza mpaka leo; aliisukuma tu, dawa zikiwa kwenye keria, akisalimia kila mji kwa "mwangaluka". Nusu ya timu ya mpira ya kijiji ilizaliwa mikononi mwake, na ikifungwa huwakaripia kama vile bado ni wachanga wake.

Lakini kazi atakayokumbukwa nayo zaidi ni ya akina mama waliokoma hedhi. Yeye ndiye aliyeona kwamba wanawake wa umri huo walikuwa wakijikwaa kidogo tu kisimani, wanavunjika mkono. Akaomba vidonge vya kalsiamu misheni, akawaanzishia kliniki yao kila Jumanne. Vidonge walivipenda, maana humezwa kimya kimya. Mama Jilala peke yake ndiye aliyempa ng'ombe wake vyote, kwa hoja kwamba anayetoa maziwa ndiye anayevihitaji. Salvina alicheka mpaka akakaa chini.

Mwaka 1981 vidonge viliadimika. Salvina akawaambia wawe wakila dagaa wazima wazima na wanywe maziwa. Kwa dagaa walikubali. Kwa maziwa waliitikia vizuri sana, wakaenda zao, wasinywe. Katika nyumba nyingi zinazotuzunguka, mwanamke ambaye bado anaona siku zake hanywi maziwa, ng'ombe wasije wakakauka. Kwa hiyo anayeshika kikombe mbele za watu ametangaza kwamba uzazi wake umekwisha. Nani ajitangaze wa kwanza?

Jumanne moja ya Oktoba, Salvina akiwa ameweka kibuyu cha maziwa mezani kama kawaida, Mama Bernadina, ambaye mkono wake ulikuwa kwenye plasta kwa mara ya pili, alimuuliza: "Nesi, na wewe unakunywa?"

Kila mtu alijua kwamba Salvina na mumewe, Mwalimu Ansgar, walikuwa na miaka ishirini ya ndoa bila mtoto. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa, na watu walikuwa bado wanamletea mizizi ya kuchemsha na kumwombea misa. Na yeye, pamoja na unesi wake wote, hakuna aliyewahi kumwona akionja maziwa.

Alijimiminia kikombe. Nilikuwa dirishani pangu pa dawa, nikimtazama. Akanywa mpaka mwisho, akajifuta mdomo.

"Haya," akasema. "Anayefuata."

Mama Bernadina akainuka, akapokea kikombe kwa mkono wa kushoto, huku akiomba radhi kwa sababu wa kulia ulikuwa umefungwa. Kibuyu kilikwisha kabla ya saa sita.

Siku hizi kliniki ya Jumanne hunywa maziwa bila kuangaliana, na Mama Bernadina hajafungwa plasta tena. Mizizi nayo haikuletwa tena nyumbani kwa Mwalimu, wala misa haikuombwa.

Salvina, siku ile tulikusifu wote kwa ujasiri, halafu mimi nikajifanya napanga chupa. Hakuna hata mmoja wetu aliyekupa pole. Basi ipokee leo, wewe na Mwalimu Ansgar, pole yetu ya miaka sita, pamoja na asante yetu ya miaka ishirini na mitano. Tunawaombea afya njema na siku nyingi za furaha.