Jumapili Nilizomficha Binti Yangu

Wapendwa, mchungaji amenipa dakika kumi na amekaa pale na saa yake, kwa hiyo sitazunguka sana. Mnanijua mimi ni mtu wa maneno, hasa pale kwenye meza ya chai baada ya ibada, mpira ukitajwa. Leo nimesimama kueleza jinsi maneno yangu yalivyokaribia kunipotezea mtoto. Waliokuwapo watanivumilia, maana wageni ni wengi leo. Majina sitataja. Ukijitambua, nyamaza tu.

Mimi ni mtu wa Tanga. Baba yangu ndiye aliyekuwa akichora mistari ya chokaa uwanjani, na mimi nilimbebea ndoo, kwa hiyo mpira nimeuona kwa karibu kuliko wanaume wengi wa humu. Hapa London nafanya kazi hospitali, nageuza wagonjwa, nawaogesha. Ni kazi ya heshima, lakini nawaambieni ukweli, unaweza kumaliza shifti ya saa kumi na mbili bila mtu kukuuliza umeamkaje. Jumapili tu ndiyo ilikuwa siku yangu. Kwenye meza ile, mzee mmoja aliyewahi kupakua mizigo bandari ya Tanga alikuwa na orodha ya mawinga watano bora waliopata kutoka mkoa wetu, na kila wiki tuliibomoa na kuijenga upya. Akina mama wenzangu walikaa karibu na chupa za chai. Mimi nilikaa na wazee, na nikisema, walinyamaza.

Sasa, binti yangu. Nimemlea peke yangu hapa Ilford, na Mungu alimpa mguu wa kushoto. Alipokuwa na miaka kumi na mitatu skauti mmoja, msaka vipaji wa mpira, alimwona kwenye mechi ya shule, na akademi ya klabu fulani ikamchukua. Meza iliwaka moto. Mmoja akasema maskauti wa huku wanapima mtoto kama ng'ombe wa mnadani. Mwingine akasema afadhali, kwetu skauti alikuwa mjomba wa mchezaji. Mzee akataka kumwingiza kwenye orodha. Ndugu mmoja akapinga, mtoto kazaliwa Ilford, u-Tanga wake uko wapi? Mzee akamjibu, "Chungwa la Muheza likiuzwa Ilford linageuka tufaha?" Hoja ikaisha. Binti yangu akawekwa wa tatu, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amemwona akigusa mpira. Walitegemea maneno yangu.

Mimi nikanenepa, jamani. Nilikuwa mama wa winga wa tatu.

Alipofikisha kumi na sita walituita kwenye chumba kidogo. Kocha alisema kwa upole kwamba ni mchezaji mzuri, lakini wanatafuta wenye mbio zaidi, na hawataendelea naye. Akampa mkono. Kwenye treni ya kurudi mtoto aliegemeza paji la uso kwenye kioo. Nilimshika bega nikamwambia, "Usimwambie mtu kwanza." Nilidhani namkinga yeye. Hapana, nilikuwa nakilinda kiti changu.

Jumapili iliyofuata mzee akaniuliza, "Vipi namba kumi na moja wetu?" Nikasema amefunga. Ndugu zangu, nawaambia, goli la kwanza la uongo ndilo linalokutoa jasho. La pili linajifunga lenyewe. Nilifunga kwa kichwa, nilifunga kwa kona ya moja kwa moja, nikampiga beki tobo, mpira katikati ya miguu. Mnacheka, lakini sikilizeni ilikuwa inagharimu nini. Zamani mtoto alikuwa akimaliza mechi anakuja kanisani kwa kuchelewa, na begi lake mgongoni, anakunywa chai na wenzake. Sasa angekuja wangemuuliza, na yeye uongo haujui. Kwa hiyo nikamzuia asije. Kisha nikamwambia Jumapili asitoke hata kununua mkate, maana watu wa kanisa wanapita barabara ya madukani. Kapoteza mpira, na mimi nikamnyang'anya kanisa na rafiki zake. Miezi minane. Narudi nyumbani namkuta kwenye kochi, pazia limefungwa mchana kweupe, na mimi nimetoka kumsifu mbele za watu.

Njia ya mwongo ni fupi. Siku moja kamati ya vijana ikatangaza hapa mbele kwamba kanisa zima litakodi basi kwenda kumtazama akicheza. Mkagawana sufuria papo hapo. Huyu pilau, huyu sambusa, huyu chapati. Mimi nikapiga makofi pamoja nanyi.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu, kwa simu za rafiki zake. Nilimkuta amesimama jikoni. Mnawajua watoto wetu, unamsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, nawatafsiria. Aliniuliza, "Wakifika uwanjani watamwona nani?"

Nikaanza kusema tutawaambia mechi imeahirishwa.

Akanikatiza. Hakupandisha sauti. Akasema, "Mama, kocha aliniambia mara moja tu kwamba sitoshi. Wewe unaniambia kila Jumapili."

Nilikaa kwenye kiti nikalia. Hakuja kunifuta machozi, na alikuwa na haki. Nilipoweza kuongea nikamwomba msamaha, na nikamwomba twende wote nikaseme ukweli. Akafikiri kidogo. "Nitakuja," akasema, "lakini mimi siongei."

Basi tukaja. Chai haijamiminwa, nikasimama mbele ya meza ile na kusema yote kwa pumzi moja, kuanzia chumba cha kocha hadi mkate. Kisha mzee akaniuliza taratibu, "Na lile la tobo?"

"Halikuwapo, mzee."

"Na la kona ya moja kwa moja?"

"Nalo pia."

Akashusha pumzi. "Lile la kona nimewasimulia watu Tanga kwa simu."

Nilitamani ardhi inimeze. Ndugu mmoja akauliza kama sasa mtoto afutwe kwenye orodha. Mzee akamtazama, akasema, "Orodha tumeitunga sisi kwa kukosa shughuli. Mtoto hakuiomba." Kisha akavuta kiti, akamgeukia binti yangu. "Mwanangu, siku nyingi. Umekula?" Binti yangu, aliyesema haongei, akamwamkia shikamoo, akakaa.

Msidhani wote walinipokea hivyo. Mama mmoja aliinuka akaondoka. Alikuwa amefunga siku tatu kuombea mechi ile, na mimi nilijua anafunga, nikamwacha afunge. Nilikwenda kwake mara mbili, sikupata zaidi ya salamu mlangoni. Mara ya tatu aliniingiza jikoni. Hakusema amenisamehe. Alinipa vitunguu nikate, na nikavikata vyote.

Na lile basi, kwa kuwa lilishakodiwa na mchele umeshanunuliwa, mkaamua twende baharini Southend. Tulikula pilau yenye mchanga kwenye upepo. Watoto walikuwa na mpira, binti yangu hakuusogelea siku nzima. Nilinyamaza. Ilinibidi nijifunze kunyamaza uzeeni.

Miezi miwili baadaye, Jumamosi asubuhi, alinijia na mpira kwapani. Akaniomba nikamsimamie golini pale bustanini. Nikaenda na sketi yangu ya kazini. Nilifungwa magoli tisa. Hayo ni ya kweli, nina mashahidi, kulikuwa na baba mmoja na mbwa wake. Kila alipofunga alicheka, na sikuwa nimekisikia kicheko kile tangu siku ya treni.

Siku hizi anasoma chuo mambo ya umeme, na Jumamosi anawafundisha mabinti zenu wadogo mpira. Timu hana, na hajasema kama anaitaka. Mimi siulizi.

Nakushukuru mzee uliyeuliza kama mtoto amekula. Nakushukuru mama wa vitunguu. Nakushukuru binti yangu, uliyeniruhusu kusimama hapa, ukanionya nisiongeze chumvi. Wazee wetu walisema mficha uchi hazai. Mimi nilikuwa nimeshazaa, na bado kuficha kulitaka kuninyang'anya niliyemzaa.

Najua humu sipo peke yangu. Kuna mwenye kijana aliyefeli, au aliyefukuzwa kazi, au ambaye makaratasi yake yamegoma kule Croydon kwa watu wa uhamiaji, na leo umetuambia hajambo, yuko kazini. Sitakuuliza kitu. Nyumba yako haiko mbali, na mabasi yapo. Rudi ukamchukue, tutawasubiri kunywa chai.