Verdiana Mgaya na Wanyama wa Kituo cha Ngiri

Ndugu waombolezaji, Verdiana Anselmi Mgaya alizaliwa Kimamba, wilayani Kilosa, tarehe 9 Machi 1985, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu wa mzee Anselmi Mgaya na mama Filomena. Babu yake alitoka Njombe kuja kukata mkonge, akaaga kwao kwamba atarudi msimu ukiisha. Hakurudi. Baba yake aliajiriwa reli, na Verdiana akakulia kwenye nyumba za reli. Treni ikichelewa, yeye ndiye aliyetumwa stesheni kuuliza.

Alianza shule ya msingi Kimamba mwaka 1993. Akiwa darasa la tano alimchora mwalimu wake wa hesabu, Mwalimu Hezekia, kwenye pembe za daftari, picha moja kila ukurasa. Ukizipeperusha haraka, mwalimu anatembea huku akipandisha suruali. Daftari likakamatwa, darasa zima likangoja fimbo. Mwalimu akapeperusha, akarudia tena, kisha akasema, "Umesahau chaki. Mimi natembeaga na chaki sikioni." Verdiana akaketi, akaiongeza. Alisoma sekondari Kilosa mjini akiishi kwa shangazi yake mtaa wa Magomeni, hapohapo Kilosa, akamaliza kidato cha nne mwaka 2003, kisha akasomea ualimu Morogoro na kuhitimu mwaka 2007.

Mwaka 2008 alipangiwa kufundisha shule ya msingi huko Mikumi, na hapo ndipo alipofanya kazi mpaka ugonjwa ulipomtoa darasani. Tarehe 25 Juni 2011 alifunga ndoa na Lupakisyo Mwaipopo, fundi umeme. Mungu akawajalia watoto wawili, Imani na Raheli.

Katuni zilianza kwa swali la mwanafunzi wake mmoja: "Mwalimu, mbona wanyama wa kwenye katuni hawapandi treni yetu?" Verdiana alicheka, lakini swali likamganda. Mwaka 2019 akaanza kuchora habari za wanyama wanaoendesha kituo kidogo cha treni porini, chini ya mkuu wa kituo aitwaye Bibi Ngiri. Alichora karibu mwaka mzima, akapata sehemu moja, na hiyo nayo haikuwa na pa kwenda. Akaifuta yote. Alisema wazi kwamba alikuwa ameanza safari bila kujua anashuka wapi.

Mara ya pili hakugusa picha hata moja kabla ya kuipanga hadithi. Alikata kadi, kila tukio kadi yake, akazining'iniza sebuleni kwa vibanio vya nguo kwenye kamba zilizokatiza kutoka ukuta hadi ukuta.

"Mama Imani," mumewe akamwambia, "nyumba nimejenga mwenyewe, lakini naingia nimeinama kama nimekuja kukopa."

"Inama tu, Baba Imani. Sehemu ya nne bado haina mwisho."

Alinunua kishikwambi na kalamu yake, akajifunza programu za kuchorea usiku na mchana wa likizo. Akili mnemba ilipokuja hakuiogopa. Yeye alichora mwanzo na mwisho wa kila tendo, mashine ikajaza picha za katikati na kupaka rangi, naye akasahihisha miguu, maana mashine ilipenda kumpa ngiri mguu wa tano. Sauti zilirekodiwa Magomeni ileile ya Kilosa, katika chumba cha Nickson, fundi wa muziki, kilichozungushiwa magodoro. Bi Joha, muuza mihogo ya kukaanga wa mtaa huohuo, alikuwa sauti ya Kanga, ndege mchekeshaji wa kituo. Verdiana mwenyewe alikuwa Bibi Ngiri. Kituo cha Ngiri kilianza kuonekana mtandaoni Mei 2022, na haukupita muda watoto wa Mikumi wakawa wanaamkiana kwa sauti ya Bibi Ngiri.

Katikati ya mwaka 2024 sauti yake ilianza kukwaruza. Tuliilaumu chaki. Vipimo vya Morogoro, na baadaye vya Dar es Salaam, vikaonyesha saratani ya koo. Februari 2025 alifanyiwa upasuaji ulioyaokoa maisha yake kwa wakati ule, ukaichukua sauti yake moja kwa moja. Sehemu nne za hadithi zilikuwa bado.

Nickson, kwa nia njema kabisa, aliilisha mashine rekodi zake za zamani, nayo ikasema maneno mapya ya Bibi Ngiri. Yeye na Verdiana wakaenda nayo Kimamba, wakamsikilizisha mama Filomena bila kumweleza chochote. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Sauti ni ya Verdi," akasema. "Ila huyu anayesema hapumui."

Verdiana akaandika kwenye kishikwambi: "Futa."

"Dada, watoto watauliza Bibi kapatwa na nini," Nickson akamwambia.

Akaandika: "Waache waulize. Tutawaambia."

Alirudi Mikumi, akashusha kadi zote za sehemu nne, akapanga upya. Bibi Ngiri akapoteza sauti, akawa anaongoza kituo kwa filimbi na bendera, na wale waliozoea kungoja amri yake ikawabidi wasemezane wenyewe. Kanga, aliyekuwa mchekeshaji tu, akalazimika kutangaza treni. Siku ya kurekodi maneno hayo Bi Joha alilia hadi akashindwa kuendelea. Verdiana alimshika bega mpaka akatulia, kisha akapiga makofi mawili, maana yake: rudia.

Sehemu ya mwisho ilioneshwa Mikumi tarehe 16 Agosti 2025, ukumbi ukiwa umejaa. Kanga alipotangaza treni peke yake kwa mara ya kwanza, watoto walisimama wakashangilia. Verdiana alikuwa kwenye kiti cha mbele, amejifunga kanga mbili kwa baridi ya ugonjwa, akiwatazama watoto badala ya picha.

Wakati huo saratani ilikuwa imeshafika kwenye mapafu. Katika siku zake za mwisho Imani alimuuliza, "Mama, msimu ujao Bibi Ngiri atafanya nini?" Akaandika taratibu: "Muulizeni Joha." Alifariki dunia nyumbani kwake Mikumi asubuhi ya Jumanne, tarehe 23 Septemba 2025, akiwa na umri wa miaka arobaini, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Baba yake alimtangulia mwaka 2004. Ameacha mume, Lupakisyo. Watoto, Imani na Raheli. Mama yake, Filomena. Dada yake, Ziada. Na mdogo wake, Fortunatus, anayewasomea maneno haya. Ameacha pia wanafunzi wake, na wenzake wa Magomeni, ambao wiki ijayo wanaingia tena chumbani kurekodi.

Bwana ampokee mwalimu wetu, na ampe pumziko lenye amani.